Kengele ya Leba na Ombi la Kuandikishwa Ugeni

Mtaa wa Pili Nyuma ya Ufukwe,
Nyumba ya tatu kutoka kwenye baa,
Jumatatu, tarehe 24 Machi.

Afisa Utalii wa Mji,
Ofisi za Halmashauri, ghorofa ya kwanza, mlango unaobana.

YAH: CHETI CHA UKARIMU MLICHOIPA BAA YA MTAANI KWETU, NA OMBI LA MIMI NA MKE WANGU KUTAMBULIWA RASMI KUWA WAGENI

Ndugu Afisa,

Naandika nikiwa mzima, na natumaini barua hii itakukuta nawe mzima na feni yako imeshatengenezwa. Nilipopita ofisini kwako kusoma mita tarehe 6 mwezi huu ilikuwa haizunguki, nawe ulikuwa ukijipepea kwa jalada. Nilikuonea huruma ila sikusema kitu, kwa kuwa feni si idara yangu.

Mimi ni msoma mita wa Idara ya Maji, kanda ya tatu, mwaka wa thelathini na tatu kazini. Nina kidato cha nne. Kila siku jioni, kabla ya kula, huandika shajara. Yote nitakayoyasema humu yana tarehe, na ukitaka kuyathibitisha, karibu nyumbani: madaftari yako juu ya kabati, yamepangwa kwa mwaka.

Tarehe 3 mwezi huu ofisi yako iliipa baa ya mtaani kwetu cheti chenye fremu, kinachosema kuwa ndiyo inayoongoza mjini kwa kukaribisha wageni. Nimekiona. Kimetundikwa juu ya kaunta kwa msumari mmoja na kimeinamia kushoto. Sina ugomvi nacho, wala siandiki kusema kwamba ni cha uongo. Ni cha kweli mno. Kwa kazi yangu mimi huingia sehemu 412 kila mwezi, na sijaona sehemu nyingine ambako mtu asiyejulikana anapokelewa kwa furaha kama pale. Ninacholalamikia ni kwamba ukarimu wote ule unamwagika upande mmoja, kama maji ya bomba lililopasuka, na sisi tuliojenga upande wa pili hatujapata hata unyevu.

Jambo lenyewe ni dogo. Mke wangu ni mkunga wa hospitali ya mji. Ijumaa hii, tarehe 28, anastaafu. Nilimwuliza anataka zawadi gani. Mwanamke huyu tangu nimjue hajaniomba kitu kisichokuwa na kazi jikoni. Akafikiri kidogo, akasema: "Nataka kukaa kwenye baraza ya Leba, nivue viatu, ninywe soda moja baridi, niangalie bahari. Na mtu aniambie karibu."

Leba ndilo jina la mtaani la baa hiyo. Kabla haijawa baa, jengo lile lilikuwa zahanati ya wazazi, na mke wangu alizalisha mle kwa miaka kumi na sita, mpaka huduma ilipohamishiwa hospitali kubwa. Mimi mwenyewe nilizaliwa mle, kitanda namba tatu, ambacho kwa vipimo vyangu kilikuwa pale lilipo friji la bia. Mwenye baa ni mgeni aliyehamia miaka kumi na moja iliyopita. Tunamwita Bwana Soksi kwa sababu huvaa soksi ndani ya sandali, hata kiangazi. Amesikia watu wakisema "Leba" na anaamini ni neno letu la mahali pa kupumzikia. Ameliandika kwa rangi ya bluu kwenye lango. Hatujamsahihisha. Wanawake wa mtaa wameomba asisahihishwe.

Tangu mahoteli yalipojenga kuta zao huku na huku, baraza ile ndiyo sehemu pekee katika mtaa wetu ambapo mtu anaweza kuiona bahari bila kupanda juu ya ndoo. Kwa hiyo alichoomba mke wangu hakipatikani kwingine, na siku zimebaki nne. Ndiyo sababu nakuandikia wewe, na ndiyo sababu nitakwenda hatua kwa hatua.

MALALAMIKO

1. Kengele. Zahanati ilikuwa na kengele ya shaba ukutani karibu na mlango. Mtoto akizaliwa salama, mkunga aliigonga mara moja, ili akina baba waliokuwa wakizunguka barazani wajue. Haikubagua mtoto wa kike na wa kiume, wala wa mwenye gari na wa mwenye toroli. Kengele ikilia, mtaa mzima ulisema, "Haya, mgeni huyo," na kila mtu akaendelea na kazi yake. Bwana Soksi aliikuta palepale alipolichukua jengo. Sasa inagongwa kila anapoingia mtu mwenye begi mgongoni. Tarehe 14 Januari nilikuwa chini ya sinki la kaunta, ambako ndiko iliko mita yao (kifuniko kina kutu, na kazi ya dakika moja hunichukua saba). Katika dakika hizo saba kengele iligongwa mara nne. Wote wanne walikuwa watu wazima. Mmoja alikuwa na ndevu. Baa nzima ilisimama, wakainua glasi, wakasema kwa sauti moja: "Karibu nyumbani." Yule mwenye ndevu alikuwa ameshuka kwenye basi muda mfupi uliopita, na baada ya kushukuru ilibidi aulize choo kiko wapi. Nyumbani kwake.

Mimi niliyezaliwa hatua nne kutoka hapo nilitoka chini ya sinki nikakabidhiwa kreti la chupa tupu nilitoe nje. Nililitoa. Sikutaka kuharibu shughuli ya watu.

2. Ubao. Ule ubao wa chaki uliokuwa ukiandikwa jina la mama, namba ya kitanda na siku za mtoto, bado upo. Sasa wanaandika jina la mgeni na siku alizokaa: siku ya 1, siku ya 3, siku ya 6. Akifika siku ya kumi jina linafutwa, anapigiwa makofi, anahesabiwa mwenyeji, na kuanzia hapo anaruhusiwa kulalamika kuhusu wageni. Tarehe 11 Februari, nikiwa tena chini ya sinki, nilimsikia mama mmoja wa siku ya kumi na mbili akimwambia mwenzake kwamba mji umeharibika, haukuwa hivi zamani. Niliinakili sentensi hiyo jioni nikaipigia mstari. Pembeni nikaandika: zamani ipi?

3. Mafunzo. Mkubwa wa wote pale anaitwa Kapteni. Ana miaka kumi na tisa mjini, na ana kiti chake chenye mto ambacho hakikaliwi na mwingine. Sijawahi kuona chombo chochote cha majini ambacho yeye ni kapteni wake, ila kofia anayo. Kazi yake ni kuwafundisha wageni wapya namna ya kuishi na sisi. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema kwamba hapa kwetu mtu mzima husalimiwa kwa kupigwa begani na kuambiwa "niaje bosi". Tarehe 19 Februari binti mmoja wa siku ya pili, mwenye adabu zake zote, alimkuta mama yangu mzazi amekaa kizingitini akichambua mboga, akampiga begani, akamwambia hivyohivyo. Mama ana miaka themanini na miwili. Alijibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sababu yeye amelelewa. Kisha akaingia ndani kutuuliza kama yule mtoto ana homa.

4. Kona. Kesho yake binti huyohuyo alinisimamisha barabarani nikiwa natoka kazini. Alikuwa na ramani aliyochorewa na Kapteni kwenye karatasi ya kufutia mikono, na juu ya ramani kulikuwa na alama ya mkasi. Akaniambia kwa upole, huku akitafuta maneno: "Samahani, baba, usipite kona ile. Si salama. Kuna watu hawaeleweki." Kona ile ni kwangu. Mtu asiyeeleweka aliyekuwa amesimama pale kifua wazi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na alikuwa anasubiri shati likauke. Binti alikuwa na nia njema kiasi kwamba sikuweza kumvunja moyo. Nilimshukuru, nikazunguka kwa mtaa wa nyuma, nikafika nyumbani nimechelewa dakika kumi na mbili, na shemeji alikuwa ameshakula chakula changu. Hilo nalo naliweka kwenye hesabu ya baa.

5. Jumapili tarehe 2 Machi. Hapa naomba usome polepole. Mke wangu alikuwa na siku ya mapumziko, nami nikasema, kwa nini tungoje mpaka astaafu, twende tujaribu. Alivaa gauni lake la kitenge lenye mikono ya kupanda. Mimi nilivaa suruali ya harusi ya mpwa wangu. Langoni, mlinzi, ambaye ni kijana wa nyumba ya saba, aliniambia, "Mzee Mita, leo si tarehe ya mita." Nikamwambia tumekuja kukaa. Akacheka, kisha alipoona sicheki akaenda kumwita bosi wake. Bwana Soksi akaja mpaka langoni, akatabasamu kwa meno yote, akamtazama mke wangu akamwambia: "Asante sana kwa kuja, mama. Usaili wa kuosha vyombo ni Jumanne." Akampa mkono. Akarudi ndani. Nyuma yake kengele ikalia, kwa sababu kulikuwa na mtu wa begi ametupita pembeni wakati tunazungumza.

Mke wangu alisema, "Asante." Tukarudi. Njia yenyewe ni nyumba tatu. Alipofika sebuleni akavua viatu, akakaa, akasema: "Kazi kwenye jengo lile nilishafanya. Nilidhani safari hii ningekaa." Nimeiandika sentensi hiyo kwenye shajara bila kuipigia mstari. Haikuhitaji.

Kesho yake ndiyo mkaja na cheti chenu.

6. Jaribio langu la tarehe 9 Machi. Mimi ni mtu wa vipimo, kwa hiyo nilitaka kujua tatizo ni nini hasa: ni sisi, au ni ukosefu wa begi. Niliazima begi la mgongoni kwa mpwa wangu, nikajaza magazeti, nikavaa kofia pana na miwani ya jua, nikapanda basi mpaka kituo cha pili nje ya mji, nikashuka, nikapanda lingine nikarudi. Niliona ni vizuri niwe nimesafiri kweli. Nilifika langoni nikitazama juu kama mtu anayetafuta jina la mtaa. Mlinzi hakunijua. Mhudumu wa kaunta, binti ambaye mke wangu alimtoa tumboni kwa mikono yake, hakunijua. Bwana Soksi akaja mbio, soksi zake nyeupe, akashika kamba ya kengele. Ndugu Afisa, niliona mkono wake ukiwa juu ya kamba. Kapteni akageuka kwenye kiti chake chenye mto, akauliza swali ambalo huulizwa wote: "Umekaa hapa siku ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kusema uongo kuhusu namba. Nilijibu: "Elfu ishirini na moja, mia tatu na sita."

Nilikuwa nimezihesabu asubuhi ile, kwa kuwa nilijua swali litakuja, na nilizihesabu pamoja na miaka yote yenye tarehe 29 Februari. Kapteni akaanza kuhesabu siku zake kwa vidole. Kwa hesabu yangu hazifiki elfu saba. Aliona haya, akawa mwekundu, akasema hilo haliwezekani, yeye ndiye wa zamani kuliko wote. Bwana Soksi akaiachia kamba. Akaniinamia, akaitazama miwani yangu, akasema: "Ah. Mita." Nikaonyeshwa njia ya chini ya sinki. Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, niliisoma.

Kwa hiyo hitilafu imejulikana. Mimi si mpya kiasi cha kukaribishwa, na nikisema ni wa siku nyingi namvunjia heshima Kapteni. Katika mji huu hakuna kiti kilichobaki katikati.

7. Msumari mmoja hautoshi kwa fremu ile. Ipo siku itamwangukia mtu wa siku ya kwanza.

MAOMBI

Sitaki baa ifungwe. Wamemwajiri mlinzi wa nyumba ya saba, wamemwajiri yule binti wa kaunta, na maji wanatumia kwa wingi, jambo ambalo kama mtumishi wa idara nalishukuru. Nasema tu kwamba ikiwa ukarimu wa mji huu hutolewa kwa kigezo cha ugeni, basi ugeni umekuwa mali ya umma, kama maji, na mali ya umma haiwezi kuachiwa watu wachache wenye mabegi. Lazima ugawanywe kwa zamu. Napendekeza yafuatayo.

Kwanza, ofisi yako itoe Hati ya Ugeni ya siku tisa kwa mwenyeji yeyote atakayeomba, yenye picha na mhuri. Siku tisa na si kumi, ili asije akafutwa ubaoni. Maombi ya mimi na mke wangu yaanze kushughulikiwa leo, kwa sababu Ijumaa ni karibu.

Pili, kwa wale ambao sura zao zinajulikana mno mpaka hati haitasaidia (mimi ni mmoja, nimeshaingia chini ya masinki yote), basi la halmashauri liwachukue asubuhi mpaka kwenye mzunguko wa barabara kuu. Wakae juani saa mbili wapate rangi inayostahili. Kisha warudishwe mjini wakiwa na mabegi, wakiuliza bahari iko upande gani.

Tatu, iandaliwe semina ya kusahau. Wenyeji wafundishwe kusahau njia ya sokoni, majina ya majirani, na mahali choo kilipo, ili waweze kusaidiwa. Shemeji yangu anaweza kuwa mkufunzi. Anasahau mengi na kwa muda mrefu, na hivi sasa hana kazi nyingine.

Nne, ikiwa hayo yote yataonekana ni upendeleo kwa baadhi, basi mji mzima uhamishwe kwa wiki moja na kurudishwa kwa foleni. Tuko kama watu elfu thelathini. Kengele ikigongwa mara moja kwa kila mtu, sekunde kumi kila mmoja, ni siku tatu na nusu bila kupumzika. Kapteni, kama mzoefu, ashike zamu ya mchana. Sisi tutapita mmoja mmoja, kila mmoja ataambiwa "karibu nyumbani", kisha ataendelea mpaka nyumbani kwake kweli. Nimejaribu kutafuta kasoro ya mpango huu kwa jioni tatu mfululizo na sijaiona, isipokuwa kwamba wakati wa wiki ile baa itakuwa haina mlinzi, haina mhudumu, na mita haijasomwa.

Tano, na hili ni iwapo manne ya kwanza yatashindikana: kengele ichukuliwe. Ing'olewe ukutani, isainiwe kwenye kitabu, iwekwe stoo ya halmashauri. Ilikuwa ya watoto waliozaliwa. Haikutengenezwa kwa ajili ya watu wenye ndevu na begi. Kama mke wangu hawezi kugongewa, asigongewe mtu.

Naomba majibu kabla ya Ijumaa saa nane mchana, ambapo ataweka chini kitambaa chake cha kazi kwa mara ya mwisho na atakuwa na miguu iliyovimba kama ilivyo kila Ijumaa. Ukinijibu kwa maandishi nitafurahi. Ukinijibu kwa simu nitaandika dakika uliyopiga.

Nisalimie katibu muhtasi, nisalimie dereva, na yule mama wa majalada aliyenipa kiti tarehe 6 bila kuniuliza nimekaa mjini siku ngapi. Msalimie fundi wa feni, akipatikana. Mama yangu anakusalimu ingawa hakujui. Mke wangu pia anakusalimu. Anasema mwanao wa pili alitanguliza miguu, na anatumaini sasa ametulia.

Nabaki mwenyeji wako, kwa kuwa sijapewa nafasi ya kuwa kitu kingine,

Msoma Mita, Kanda ya Tatu.

NYONGEZA. Jumamosi, tarehe 29 Machi, asubuhi.

Ndugu Afisa, barua hii haikutumwa Jumatatu. Nilikosa bahasha ya kuitosha, na Jumatano nilipoipata, mke wangu aliomba kwanza ahakiki tarehe. Aliisoma yote akiwa amesimama, kama anavyosoma faili la mgonjwa. Alisahihisha jambo moja: kengele haikugongwa mara moja kila wakati, mapacha waligongewa mbili. Nikafikiri amemaliza.

Akapanda juu ya kiti, akashusha daftari langu la miaka thelathini na moja iliyopita. Sikujua kwamba anaujua mpangilio wangu. Akafungua tarehe 17 Agosti bila kutafuta, akanipa nisome kwa sauti. Hiyo ni siku aliyofika mji huu kutoka kwao, safari ya siku mbili, wiki tatu baada ya ndoa. Nimeandika hivi: "Mke amefika saa tisa. Mvua. Mita 14. Ndoo sasa zinatosha."

"Hapo," akasema, "umenikaribisha wapi?"

Nikaangalia nyuma ya ukurasa. Hapakuwa na kitu.

Akaniambia mambo ambayo sikuwa nayo kwenye madaftari. Kwamba siku ile mama yangu alimpokea kwa kumpa ndoo, akamwuliza amekuja kukaa siku ngapi. Kwamba jirani wa nyumba ya pili alimwonya binti yake asizoeane na yule wa kuja, watu wa kwao hawaeleweki. Kwamba mimi nilikuwa nje nakausha viatu vyangu. Wiki iliyofuata alikwenda zahanati kuripoti kazini, na begi lilikuwa bado mgongoni, kwa sababu hakuwa na hakika kama kwetu angekaa. Matroni alimtazama, hakumwuliza kitu, akashika kamba akagonga kengele. Wajawazito wote wakageuka vitandani kutazama nani amejifungua. Matroni akasema: "Mgeni kafika. Karibu nyumbani."

"Kwa hiyo hilo lako la tano," mke wangu akasema, "ungeuliza kwanza."

Akaweka daftari mahali pake akaenda kulala.

Jana, Ijumaa, hakunisubiri. Alitoka hospitali saa nane na robo, na sare yake, viatu mkononi, akaenda Leba moja kwa moja. Mlinzi akaanza habari za Jumanne. Akamwambia: "Wewe nilikupiga makalio ndipo ukalia. Usinifanye nirudie." Mlinzi akafungua. Bwana Soksi akaja akamwuliza amekaa mjini siku ngapi. Mke wangu akajibu kwamba leo ni ya kwanza, na hakusema uongo: ni siku ya kwanza tangu aje mjini ambayo hangojwi tena na zamu wala ndoo. Kengele ikalia mara moja. Wote wakasimama. Binti wa kaunta akaandika kwenye ubao, kwa mwandiko mzuri sana: Mama Mkunga, siku ya 1. Na Kapteni, ambaye nimemsema vibaya kwenye namba 3, 4 na 6, aliiona miguu yake ilivyovimba, akaondoka kwenye kiti chenye mto bila kuambiwa, na mto akauweka chini ya visigino vyake. Soda ilikuwa baridi. Alikaa dakika hamsini na tano akiangalia bahari.

Haya nayajua kwa sababu amenisimulia, na kwa sababu nilikuwa nje ya ukuta, juu ya ndoo.

Usiku sikulala vizuri. Alfajiri nimeshusha madaftari yote ya miaka hiyo thelathini na moja nikatafuta neno "karibu". Limo mara nne. Mara tatu niliwaambia wakaguzi wa bomba, na mara moja paka.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba 1 hadi 6 yafutwe, na maombi yote matano yasifanyiwe kazi. Semina ifutwe pia, ingawa shemeji ameshaanza kujiandaa. Namba 7 ibaki, kwa sababu ule msumari kweli hautoshi. Kama ofisi yako ina haraka kuliko ninavyoifahamu na mmeshaing'oa kengele kabla ya kufika ukurasa huu, irudisheni kabla jioni haijafika. Jumamosi ndiyo siku yao ya mabasi mengi.

Limebaki ombi moja jipya, na halihitaji mhuri. Kesho mke wangu anakwenda kwao kwa wiki mbili. Anarudi Jumatatu tarehe 14 Aprili, kwa basi la saa tisa, saa ileile. Naomba umwombe Bwana Soksi aniazime kengele kwa robo saa. Ningemwomba mwenyewe, lakini nikiingia pale nitapewa kreti. Nimeshapima kizingiti, na ndoano nimeifunga. Itagongwa mara moja tu. Begi lake nitalipokea mimi, na ndoo nimezihamishia kwa shemeji.